Lenzi Kuingia Si Lenzi Kukubali

Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kamera ni kazi inayolisha nyumba. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, na kuanzia 2015 wakaongezeka Warundi. Kwa miaka yote hiyo watu wameoana, watoto wamebatizwa, kwaya zimeshona sare, na familia zimeagana na ndugu waliopata safari ya kuhamia Marekani au Kanada. Yote hayo yanataka picha. Mpiga picha huanza na bodi ya kamera ya mtumba na lenzi fupi iliyokuja nayo, na akichoka kuifukuzia kwaya kutoka mwisho wa kanisa, hutafuta zumu.

Hapo ndipo pesa hupotea. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo lenzi huletwa na mtu mwingine: muuzaji wa Kigoma mjini au Dar es Salaam, au ndugu aliye ughaibuni. Ikifika na kukataa, kuirudisha ni shughuli nzito kuliko kuinunua. Uchunguzi wote ufanyike kabla pesa haijatoka mfukoni, na sayansi inayohitajika ni ya milimita chache tu.

Tuanze na mdomo wa kamera, ile pete ya kuzungushia lenzi. Nikon walitoa mdomo wao wa F mwaka 1959, Canon wakatoa wa EF mwaka 1987, na meno ya huyu hayaingii kwa yule. Wengi hudhani dawa ni adapta. Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine maumbile ya mwanga yanakataa, na sababu yake ni umbali kati ya mdomo na sensa. Kwenye Nikon F umbali huo ni milimita 46.5, kwenye Canon EF ni milimita 44. Lenzi ya Nikon ikiwekwa juu ya Canon inabaki nafasi ya milimita 2.5, na pete nyembamba ya unene huohuo inaijaza barabara, ingawa utafokasi kwa mkono. Geuza mambo: lenzi ya Canon juu ya Nikon tayari iko mbali na sensa kwa milimita 2.5 kupita kiasi, hata kabla ya kuongeza pete yoyote.

Milimita 2.5 zaonekana si kitu. Piga hesabu: chukua urefu wa fokasi, uuzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa ziada hiyo. Lenzi ya milimita 50 inatoa 2,500 kugawanya kwa 2.5, yaani milimita 1,000. Maana yake kitu cha mbali kabisa utakachokipata kikiwa safi kiko takriban mita moja mbele yako. Zumu ikivutwa hadi milimita 200 inafika kama mita 16, kisha kila kitu nyuma ya hapo ni ukungu mtupu. Adapta zenye kioo ndani hujaribu kurekebisha hilo, lakini zile za bei ya chini huharibu ubora wa picha, na mimi nisingemshauri mtu anayelipwa kwa kazi yake azitumie.

Hata mdomo ukiwa wa kampuni moja, tazama duara la mwanga. Sensa kubwa ina milimita 36 kwa 24. Sensa ya bodi nyingi za bei nafuu ni ndogo zaidi, na lenzi zake hutupa duara dogo lisiloienea sensa kubwa. Canon huziita lenzi hizo EF-S na kuzitia alama ya mraba mweupe, wakati EF za kawaida zina nukta nyekundu. Bodi yako ikiwa na alama zote mbili, inapokea zote. Ikiwa na nukta nyekundu peke yake, EF-S haiingii, nawe usiilazimishe, kwa sababu sehemu yake ya nyuma hutokeza kukikaribia kijioo cha kuakisi.

Upande wa Nikon mtego mkubwa ni mota. Tangu D40 ya mwaka 2006, bodi zao ndogo hazina mota ya kufokasi, zikiwemo zile za D3000 na D5000 na wadogo zake. Zinategemea mota iliyo ndani ya lenzi, na lenzi hiyo huandikwa AF-S. Zumu iliyoandikwa AF peke yake, au AF-D, itaingia vizuri, itapiga picha, ila pete utaizungusha mwenyewe huku bibi harusi akipita. Kisha kuna AF-P, zilizotoka mwaka 2016. Hizo nazo zina mota, lakini bodi za zamani kama D90 na D3100 hazielewi amri zake, na hata fokasi ya mkono inakataa, maana pete yake inaendeshwa kwa umeme. Mpya hapa imekuwa hasara kuliko kuukuu.

Lenzi za kampuni nyingine zina fumbo lake. Sigma kadhaa za miaka ya 1990 zilizotengenezwa kwa Canon za filamu hukaa sawasawa kwenye Canon za dijitali na hata kufokasi, lakini tundu la lenzi likiamriwa kujibana, kamera inaonyesha kosa na kugoma.

Kwa hiyo muuzaji atume picha tatu: maandishi yote ya lenzi, sehemu ya nyuma yenye vidoti vya umeme, na bodi aliyoijaribia. Aongeze video fupi akiwa na bodi ya modeli kama yako, akifokasi karibu, kisha kwenye mlima au mti wa mbali, kisha akipiga kwa tundu dogo la f/16. Kosa la tundu hujitokeza hapo. Mwisho amulike kwa tochi ya simu ndani ya vioo. Nyuzi nyeupe zilizotandaa ni kuvu, na masika ya nyanda za Kasulu na Kibondo huilisha vizuri. Ikishakula tabaka lililopakwa juu ya kioo, fundi ataisafisha lakini alama itabaki. Lenzi hiyo iache hata bei ikishuka nusu.