Homa kwa Mgonjwa wa Kemo: Usingoje Kukuche

Nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya saratani hapa Uingereza. Saa nane usiku akaletwa mama mmoja Mswahili, akiwa na binti yake. Siku kumi kabla alikuwa amepewa dripu ya kemo. Jioni ile alianza kutetemeka kwa baridi, binti akampa Panadol mbili na kumfunika blanketi.

"Tulidhani ni mafua tu, dada," aliniambia. "Hatukutaka kuwasumbua watu usiku."

Presha ya mama ilikuwa imeshuka na maneno yake hayaeleweki. Tulimuwahi, alhamdulillahi, lakini kwa tabu.

Sisi tuliokulia kwetu tumeizoea homa. Unameza dawa, unalala, asubuhi unakwenda dispensari. Kwa mgonjwa wa kemo, mazoea hayo yanaweza kuua.

Dawa za kemo hushambulia seli zinazozaliana haraka. Saratani ndiyo inayolengwa, lakini uboho unaotengeneza damu nao huumia. Chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, mara nyingi hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Hapo hata bakteria wa kawaida wa mdomoni au tumboni wanaweza kuingia kwenye damu. Huenda usione usaha wala kikohozi; homa ikawa dalili pekee.

Kwa hiyo weka kipimajoto nyumbani. Pima kwanza, kabla ya Panadol, kwa sababu Panadol huficha homa. Ikifika nyuzi 38, piga simu hospitali saa hiyohiyo. Hapa Uingereza mgonjwa hupewa kadi yenye namba inayopokelewa saa 24. Lengo letu ni apate antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu afike.

Piga simu pia, hata bila homa, akitetemeka, akichanganyikiwa, akihema kwa shida, akivuja damu isiyokoma, akiumwa kifua, au akitapika na kuharisha hata maji hayakai.

Na kama mzazi wako anatibiwa nyumbani, pengine pale Ocean Road, Dar es Salaam, leo ukimpigia usiishie kwenye "Unaendeleaje?" Muulize: "Kipimajoto unacho? Homa ikikupanda usiku, nani atakupeleka hospitali?" Kama hana jibu, lipangeni hilo kabla hamjakata simu.