Unataka kusomea sanaa chuo kikuu? Soma hii kwanza, kijana wa Umoja

Alama za kwenda chuo unazo, umefungua tovuti ya KUCCPS uchague kozi, na moyo wako uko kwa uchoraji. Mamako naye ameshauliza lile swali: "Kwani utakula rangi?" Usimnunie. Yeye ndiye atakayehangaika na karo, na swali lake linadai jibu.

Kwanza ujue kwamba kozi hii si kuchora picha tamu kwa miaka minne. Mwanzoni utachora chupa, kiatu, mkono wako mwenyewe na mtu aliyekaa kimya, mpaka uchoke. Kisha utashika udongo, mbao, vitambaa na wino wa uchapaji. Utasoma pia historia ya sanaa, ambayo wengi huihepa kwa sababu ina insha. Halafu kuna ile siku kazi yako inaning'inizwa ukutani na darasa zima linaichambua ukiwa umesimama hapo hapo. Waliozoea likes pekee huumia sana.

Kwa maoni yangu, kitu kikubwa ambacho chuo hukupa si cheti, ni nafasi. Hebu angalia unapoishi. Umoja One ilijengwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Marekani, nyumba ndogo ambazo mwenyewe angeongeza vyumba polepole. Leo ni ghorofa zilizobanana, dirisha linatazama ukuta wa jirani na taa inawashwa saa nane mchana. Picha ya rangi ya mafuta isiyokauka kwa siku kadhaa utaiweka wapi, na mdogo wako anapita na kikombe cha uji? Chuoni kuna meza, kuna mwanga, kuna tanuri la kuchomea vyungu, na kuna watu walio na wazimu kama wako.

Kenyatta University imefundisha sanaa kwa miaka mingi, na kutoka mtaani ni Outering mpaka Thika Road, basi. Ukivuka mpaka kuna Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa miaka ya 1930. Mkenya Gregory Maloba alipitia huko, akachonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa 1962, kisha akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Na kama alama zimegoma? Beatrice Wanjiku, mchoraji anayeheshimika hata nje ya nchi, alisomea sanaa hapo Buruburu tu. Wajukuu Art Project, kikundi kilichoanzia Mukuru, kilialikwa Documenta 15 mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022 na kikapewa tuzo ya Arnold Bode. Kwa hivyo mlango si mmoja.

Sasa jibu la mama. Mwambie ukweli: wanaoishi kwa kuuza picha pekee ni wachache. Wengi huchanganya: mabango, michoro ya vitabu, katuni za video, fulana, na zile nganya zinazopita Mutindwa zikiwa zimepakwa rangi kutoka bampa hadi bampa. Ukitaka kufundisha, hakikisha kozi yako ina ualimu ndani, kwa sababu TSC haisajili mtu kwa shahada ya sanaa peke yake. Shule za upili sasa zina mkondo wa Sanaa na Michezo tangu Januari 2026, na walimu watahitajika.

Vifaa ndivyo vitakavyokumaliza mfuko. Turubai za dukani ni ghali, kwa hivyo nunua kitambaa cha amerikani, kivute kwenye fremu ya mbao, ukipake rangi nyeupe ya ukutani mara mbili. Usiruke hatua hiyo ya mwisho: rangi ya mafuta ikigusa kitambaa kitupu, inakiozesha. Na siku ya kusafirisha picha mbichi, panda matatu ya saa nne asubuhi, si ya saa kumi na mbili.