Bega la Binti Yetu

Mama mpendwa, binti anayechota maji alfajiri na kucheza netiboli jioni akikuambia bega linamuuma, utamjibu nini? Sisi tulimjibu, "Litapoa tu." Tukamchua kwa mafuta ya moto, akanyamaza. Baada ya wiki tatu maumivu yakarudi, safari hii usiku, hata asiweze kulalia upande ule. Picha ya eksirei ikaonyesha hana kitu. Hapo, twakiri kwa aibu, tukaanza kumshuku kuwa anakwepa kazi.

Kumbe eksirei huonyesha mifupa; misuli na kano hazionekani vizuri. Na bega hushikwa na hizo hasa, kwa sababu kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea hakina kina. Kijana arushaye mpira juu ya kichwa kila siku, kano zikilegea, mfupa huteleza kidogo na maumivu hurudi. Daktari wa pili aliligundua kwa kuuzungusha tu mkono wake. Alimpa mazoezi ya kuimarisha misuli, si vidonge vya kumeza daima.

Lakini akiwa na homa, akikonda, mkono ukifa ganzi au kifua kikibana, mpeleke hospitali siku ileile. Kama kuna selimundu katika ukoo, mwambieni daktari. Ugonjwa huo huweza kuharibu mfupa wa bega.

Tulimwomba binti yetu radhi. Siku hizi maji huchota kaka yake, huku akinung'unika.