Kila Uvimbe si Busha, na Kila Uvimbe si Kansa

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuzungumze jambo ambalo wanaume wengi hulificha hata kwa wake zao: uvimbe katika mfuko wa korodani.

Sisi watu wa pwani tumezoea kuuita kila uvimbe wa hapo busha. Lakini busha ni maji, na ukilimulika kwa tochi gizani, mara nyingi mwanga hupenya. Ninachozungumzia leo ni kijiuvimbe kigumu, mithili ya punje ya mahindi au gololi.

Daktari kwanza hutaka kujua kilipo. Kikiwa ndani ya korodani yenyewe, hofu ya kansa ni kubwa. Kikiwa kando yake, mathalani katika epididimisi, yaani mrija uliojikunja nyuma ya korodani unaopitisha mbegu, aghalabu si kansa. Kipimo cha altrasaundi huonyesha mahali hapo bila kisu. Hata hivyo, uhakika hupatikana katika kinyama chenyewe.

Uvimbe unaoongoza katika epididimisi huitwa adenomatoidi, jina lililotumiwa na madaktari Golden na Ash mwaka 1945. Huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 50. Mara nyingi hauzidi sentimita 2, hukua polepole, wala hausambai mwilini.

Je, hutambuliwaje? Kansa ikishukiwa, daktari hupasua kinenani badala ya kwenye mfuko, ili asije akaisambaza. Kinyama hutiwa katika fomalini kisioze, hugandishwa katika nta, kisha hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele zaidi ya mara kumi. Vipande hupakwa rangi, na mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Katika adenomatoidi huona vijifereji vilivyozungukwa na seli bapa zilizotulia. Kwa kuwa vijifereji hivyo vyaweza kufanana na kansa, huongeza rangi maalumu inayotambua protini iitwayo kalretinini, apate kuthibitisha.

Penye vifaa, kinyama hugandishwa kwa baridi kali mgonjwa akiwa bado mezani, na jibu la awali hupatikana kwa takriban nusu saa. Likiwa si kansa, korodani huachwa mahali pake. Kwa kijana anayetaka watoto, hilo si jambo dogo.

Kwa maoni yangu, aibu ndiyo adui mkubwa hapa. Kansa ya korodani ikiwahiwa, wengi hupona. Anayejificha huipoteza nafasi hiyo. Na wewe unayekwenda kupasuliwa, usione haya kumwuliza daktari: kinyama changu kitapelekwa maabara gani, na majibu nitayapata lini? Kikitupwa bila kupimwa, utabaki na kovu na wasiwasi, bila jibu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.