MGONGO WA MAMA MWENYE MIMBA



Miaka kadhaa iliyopita, mfanyakazi mmoja wa kutoboa mawe alifika kwenye dispanseri ambako nilikuwa nikifanya kazi. Alisema mgongo unamwuma. Kwa watu wa shimoni hilo si jambo la ajabu, basi nilimwandikia vidonge vya maumivu. Kisha majuma mawili akarudi kuomba vingine. Alipokuwa akisimama mbele yangu, kofia yake ilianguka. Aliinama, akaiokota, akanyooka bila shida hata kidogo.

Nikamwuliza: «Ndugu, mgongo unaouma ni wa nani?»

Alicheka kwa haya, kisha akasema: «Ni wa bibi yangu. Mimba yake ni ya miezi nane. Mimi nilifikiri mgongo ni mgongo.»

Siku ile ile tulimwita mama yule na kumpeleka hospitali. Vidonge vilikatazwa, akapimwa vizuri, na kwa bahati njema mtoto alizaliwa mzima. Lakini tangu siku hiyo sitoi dawa ya mgongo bila kuuliza swali lile. Leo nataka kuwaeleza namna ya kupunguza maumivu ya mgongo katika miezi ya mwisho ya mimba, na kwa nini dawa ya baba si dawa ya mama.

1. Kwa nini mgongo unauma?

Wewe baba, fikiri umefungiwa mfuko wa kilo 12 mbele ya tumbo. Unatembea nao, unapika nao, unalala nao, wala huna ruhusa ya kuutua. Je, mgongo wako utasema nini jioni?

Ndivyo ilivyo kwa mama. Mtoto, maji yanayomzunguka, kondo la nyuma, damu iliyoongezeka na maziwa yanayojitayarisha, vyote vina uzito. Wamama wengi wanaongeza kilo 11 mpaka 16 wakati wa mimba. Uzito huo unavuta mwili mbele, na mama anajivuta nyuma ili asianguke. Mgongo wa chini unapindika na nyama zake zinachoka. Tena, mwili wa mama unalegeza viungo vya nyonga ili kumtayarishia mtoto njia. Viungo vilivyolegea vinauma upesi.

Kwa hiyo wamama wengi wanaumwa mgongo wakiwa na mimba. Si uvivu, wala si uchawi. Lakini pia si jambo la kuvumilia tu bila kufanya kitu.

2. Sheria ya kazini iingie nyumbani

Kazini kapita anakufundisha: usiinue mzigo kwa kuinamisha mgongo, kunja magoti, lete mzigo karibu na mwili. Mzigo ukizidi nguvu zako, ita mwenzako. Je, sheria hiyo inabaki mlangoni mwa kazi? Bidoni ya maji ya litri 20 ina kilo 20. Mama wa miezi nane akiitoa kwenye bomba mpaka nyumbani mara nne kwa siku, amebeba kilo 80. Hakuna kapita wa kumkataza.

Fanyeni hivi:

— Maji yachotwe na baba ao watoto wakubwa. Kama hakuna mtu, mama achukue kidogo kidogo, katika ndoo mbili ndogo, moja kila mkono.
— Beseni ya kufulia nguo isikae chini. Iwekwe juu ya meza ao kiti ili mama asiiname.
— Mbabula iinuliwe juu ya matofali yaliyopangwa imara. Mama akisonga bukari akae kwenye kiti chenye mgongo, sufuria ikiwa karibu naye.
— Fagio fupi lifungwe kwenye mti mrefu, ili mama afagie akiwa amesimama.
— Kutwanga sombe na kubeba mfuko wa makala si kazi ya miezi hii. Mtoto mdogo aliyezoea mgongo wa mama abebwe na dada yake ao na baba.
— Mama akisimama muda mrefu, aweke mguu mmoja juu ya tofali, kisha abadilishe. Viatu viwe vya chini na vyenye kushika mguu vizuri.

3. Kulala na kuamka

Usiku ndipo wengi wanalalamika. Katika miezi mitatu ya mwisho, mama asilale chali. Tumbo linakandamiza mishipa mikubwa ya damu, na hilo halimfai mtoto. Alale ubavu, wa kushoto ao wa kuume. Magoti yakunjwe, na katikati ya magoti yawekwe mto ao kikwembe kilichokunjwa. Kingine kiwekwe chini ya tumbo. Matela iliyobonyea katikati inaumiza. Heri kuweka mbao chini yake.

Kuamka kuna namna yake. Asijivute mbele kama mtu anayeshtuliwa na saa ya zamu. Ageuke kwanza ubavu, ashushe miguu yote miwili pamoja, kisha ajisukume kwa mikono mpaka akae. Apumue kidogo, ndipo asimame.

4. Mazoezi madogo

Wengine wanafikiri mama mwenye mimba anapaswa kulala siku nzima. Hapana. Mgongo usiotembea unakauka. Kama munganga hakumkataza, mama atembee polepole karibu nusu saa kila siku, asubuhi ao jioni jua likipungua. Ayaongeze mazoezi haya mawili:

Zoezi la paka: mama apige magoti na kuweka mikono chini juu ya mkeka. Ainue mgongo juu kama paka anayejinyoosha, ahesabu mpaka tano, kisha aurudishe uwe sawa kama meza. Asiuache ubonyee chini. Afanye mara kumi.

Zoezi la ukuta: asimame, mgongo kwenye ukuta, magoti yamelegea kidogo. Asukume mgongo wa chini ili uguse ukuta, ahesabu mpaka tano, aachie. Mara kumi vilevile.

Zoezi likileta maumivu ao kizunguzungu, aache mara moja.

5. Joto, mkono wa bwana, na kikwembe

Loweka kitambaa katika maji ya moto kiasi, kikamue, kiweke juu ya mgongo wa chini kwa dakika 15. Kwanza kijaribu juu ya mkono wako; kisiunguze. Joto ni kwa mgongo, si kwa tumbo.

Bwana, mkono wako pia ni dawa. Mama alale ubavu ao akae akiegemea kiti kwa kifua. Pakaa mafuta kidogo, sugua taratibu kando ya uti wa mgongo, kutoka kiuno kwenda juu. Usikandamize mfupa wenyewe. Na mtu yeyote asisukume tumbo kwa kusema anamgeuza mtoto! Hiyo ni kazi ya munganga tu.

Kikwembe nacho kinasaidia. Ukikunje kiwe kipana kama mkono, ukipitishe chini ya tumbo, ukifunge nyuma juu ya nyonga. Kibebe tumbo, kisilibane. Wakati wa kulala, kifunguliwe.

6. Vidonge vya baba

Sasa narudi kwa yule ndugu aliyeangusha kofia. Vidonge ambavyo wafanyakazi wanapewa kwa mgongo, na vinavyouzwa hata sokoni, mara nyingi ni ibuprofeni, diklofenaki ao indometasini. Vinamsaidia baba. Lakini dawa ambayo mama ameimeza inamfikia mtoto. Kuanzia mwezi wa tano wa mimba dawa hizi zinaweza kudhoofisha mafigo ya mtoto, na maji yanayomzunguka yakapungua. Katika miezi ya mwisho zinaweza pia kufunga mbele ya wakati mshipa mmoja karibu na moyo wake, ambao unapaswa kubaki wazi mpaka azaliwe. Mama anasikia nafuu, naye mtoto anaumia kimya kimya.

Basi, mama asimeze dawa hizo, wala asichomwe sindano zake, wala asipakae pomada zake. Na aspirini? Asiitumie, isipokuwa munganga mwenyewe amemwandikia. Kama maumivu yamezidi, paracetamol ndiyo inayofaa, na kipimo atapewa na munganga. Mizizi ya kunywa ao ya kuingizwa nyuma kwa mpira iachwe kabisa. Baadhi inakaza tumbo kwa nguvu na kuweza kuleta damu ao kuzaa mbele ya wakati.

7. Usingojee kesho

Kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya uchovu. Mpelekeni mama hospitali mara moja, hata usiku, kama:

— maumivu yanakuja na kwenda kwa vipindi, tumbo likikaza, na miezi tisa haijafika;
— anatoka damu, ao maji yamemwagika;
— ana homa, ao mkojo unamchoma, ao anaumwa sana ubavu mmoja chini ya mbavu: inaweza kuwa ugonjwa wa mafigo, na homa inaweza kuwa malaria;
— kichwa kinamwuma sana, macho hayaoni vizuri, uso na mikono vimevimba;
— miguu imekufa ganzi ao haina nguvu, ao hawezi kuzuia mkojo;
— mtoto hachezi tumboni kama alivyozoea.

Na hata mama asipoumwa, asikose CPN. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri aonane na waganga mara nane ao zaidi katika mimba moja. Huko aseme wazi: «Mgongo unaniuma, na nimemeza dawa hii.» Alete hata karatasi ya vidonge. Hatutamgombeza.

Wababa, siku mtakapokuja dispanseri kuomba dawa ya mgongo wa bibi, msiseme ni wenu. Njooni naye. Na mbele ya kuondoka nyumbani, jazeni bidoni.