Ndigana Kali: Ugonjwa Uliowahadaa Wataalamu

Mfugaji wa Afrika Mashariki huitambua ndigana kali kabla ya daktari wa mifugo kufika. Ndama aliyekuwa akinyonya vizuri jana, leo huacha titi na kusimama pembeni, kichwa ameinamisha. Mfugaji akimpapasa chini ya sikio hukuta tezi lililovimba. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida huwa karibu na nyuzi 38.5 za sentigredi, hupanda kupita 40. Hatimaye ndama hupumua kwa taabu, mapafu yakiwa yamejaa majimaji, na povu humtoka puani. Asipotibiwa mapema, mara nyingi hufa katika wiki ya tatu au ya nne tangu alipoambukizwa.

Maradhi haya huenea kutoka Sudan Kusini hadi Zambia na Msumbiji. Ng'ombe wa kigeni wa maziwa wakiupata ugonjwa bila kinga, karibu wote hufa. Ng'ombe wa asili waliozaliwa penye ugonjwa huokoka kwa wingi zaidi, lakini ndama wao wengi hupotea kabla ya kutimiza mwaka. Kwa jamaa iliyonunua mtamba mmoja wa maziwa ili kulipa karo ya shule, kifo hicho kimoja ni msiba wa nyumba nzima.

Kosa la bingwa

Mnamo miaka ya 1896 na 1897 sotoka iliangamiza ng'ombe kusini mwa Afrika. Mifugo mingine ikaagizwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na mwanzoni mwa karne ya 20 meli zikaishusha Beira. Pamoja na ng'ombe hao ukashuka ugonjwa usiojulikana huko, ukaua maelfu kwa maelfu.

Mwaka 1903 aliitwa Bulawayo Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Koch hakuwa mgeni wa jambo hili. Alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 aliona kwa hadubini vijidudu vidogo mno ndani ya chembe nyekundu za damu za ng'ombe, lakini alidhani ni hatua mojawapo ya ugonjwa wa kukojoa damu. Sasa alitambua kuwa ni maradhi mengine. Akashauri ng'ombe wazima wachomwe sindano za damu ya ng'ombe waliopona, akitumaini kuwa watapata kinga. Ushauri huo haukufaa kitu, na ng'ombe waliendelea kufa.

Koch alikuwa amekiona kijidudu, ila hakujua njia kinayopitia. Njia hiyo ilidhihirishwa na Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu katika koloni la Rasi, aliyethibitisha kuwa ugonjwa huletwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Kijidudu chenyewe sasa huitwa Theileria parva, kwa heshima ya Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyefanya utafiti wake Afrika ya Kusini.

Safari ya kijidudu

Kupe si mdudu kamili. Ni jamaa ya buibui, na akikomaa huwa na miguu minane. Kupe wa masikioni hupanda mnyama mara tatu maishani mwake: akiwa lava mwenye miguu sita, akiwa tunutu, na akiwa kupe kamili. Kila anaposhiba huanguka chini, hujivua ngozi, kisha hukwea jani la majani na kungoja mnyama mwingine apite. Akinyonya damu yenye kijidudu katika hatua moja, hukiambukiza kwa mnyama wa hatua inayofuata. Hata hivyo, kupe jike hawarithishi watoto wake kwa njia ya mayai.

Kijidudu hukaa katika tezi za mate za kupe, lakini hakiko tayari kuambukiza mara moja. Huhitaji siku kadhaa baada ya kupe kuanza kunyonya ndipo kikomae. Kisha huingia mwilini mwa ng'ombe pamoja na mate na kuzivamia chembe nyeupe za damu, yaani askari wale wale walioumbwa kuulinda mwili. Hakiziui, bali huzilazimisha kugawanyika bila kikomo, kama zifanyavyo seli za saratani, nacho hugawanyika pamoja nazo. Ndiyo maana matezi huvimba. Ajabu ni kwamba kijidudu kikiuawa kwa dawa, chembe hizo huacha kugawanyika ovyo. Hatimaye baadhi ya vijidudu huhamia katika chembe nyekundu, vikangoja kupe mwingine.

Hapa ndipo sababu ya kushindwa kwa Koch inapoonekana. Kijidudu kilicho katika chembe nyekundu kimeandaliwa kwa ajili ya kupe, si kwa ajili ya ng'ombe mwingine. Kuhamisha damu ya ng'ombe aliyepona, basi, hakukuweza kumpa ng'ombe mzima maambukizo ya kumjengea kinga.

Majosho na mipaka yake

Kwa kuwa kijidudu huchelewa kukomaa katika kupe, penye kupe wengi wafugaji walishauriwa kuogesha mifugo hata mara mbili kwa wiki, ili kupe wafe kabla ya kuambukiza. Majosho yaliokoa ng'ombe wengi, na Afrika ya Kusini, kwa kuunganisha majosho, karantini na kuchinja, iliutokomeza ugonjwa huu katika miaka ya 1950.

Lakini dawa za majosho ni ghali, na kupe huzizoea. Isitoshe, mnyama asiyeumwa na kupe hapati kinga. Katika vita vya ukombozi vya Zimbabwe vya miaka ya 1970 huduma za majosho zilivunjika sehemu nyingi. Wataalamu walikadiria kuwa ng'ombe wapatao milioni moja walikufa, hasa kwa magonjwa ya kupe ya namna nyingine, kwa sababu walikuwa hawajajenga kinga.

Kuambukiza ili kuponya

Jibu jingine lilitafutwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichokuwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977. Ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1950 kwamba dawa za jamii ya tetrasaiklini, zikitolewa mapema, hupunguza ukali wa ugonjwa. Watafiti wa Muguga walijiuliza: je, ndama akipewa kijidudu hai na dawa siku hiyo hiyo, hataugua kidogo tu, akapona na kubaki na kinga?

Safari hii hawakutumia damu. Kupe walioambukizwa waliwekwa masikioni mwa sungura kwa siku nne ili kijidudu kikomae, kisha wakasagwa, na maji yao yakahifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa kuwa kinga dhidi ya aina moja ya kijidudu haizuii aina zote, mwaka 1975 walieleza mchanganyiko wa aina tatu: ya Muguga, ya Kiambu na ya Serengeti. Ndama hudungwa mchanganyiko huo pamoja na oksitetrasaiklini idumuyo mwilini, na kinga yake huweza kudumu miaka mingi.

Hata hivyo, njia hii ina masharti magumu. Mtungi wa nitrojeni hauna budi kufika mpaka bomani. Mrija mmoja una dozi zipatazo 40, na ukishayeyushwa lazima utumike kwa muda wa saa chache. Mwenye ndama wawili sharti aungane na majirani. Dawa ikipungua kipimo, chanjo yenyewe huweza kuua. Pamoja na hayo, wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea kwa wingi, na utengenezaji wake sasa hufanywa Lilongwe, nchini Malawi.

Utafiti haujakoma. Orodha kamili ya urithi wa kijidudu hiki ilichapishwa mwaka 2005. Uchunguzi wa zaidi ya ndama 500 wa asili magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa ndama walioambukizwa jamaa wapole wa Theileria parva hawakufa kwa wingi kama wenzao. Chanjo isiyohitaji kijidudu hai bado inatafutwa. Zilizojaribiwa mpaka sasa hazijatoa kinga ya kutosha.

Wakati huo huo, kazi ya kwanza hubaki ile ile zizini: kukagua masikio ya ndama, kupapasa tezi lililo chini yake, na kupima joto. Dawa ya buparvakwoni huponya vizuri, lakini kwa mnyama aliyegunduliwa mapema. Siku mbili za kusitasita ndizo mara nyingi humtenga ndama anayepona na yule anayekufa.