Masika ya Kahama na Noti ya Msimbazi: Kuhusu Msamiati Usiofunguliwa na Tafsiri

Mjifunzaji aliyekwisha kuimudu sarufi ya lugha bado husumbuliwa na nyanja mbili za msamiati: majina ya hali ya hewa na maneno ya mitaani. Nyanja hizi huonekana kuwa mbali, kwa kuwa ya kwanza hufundishwa katika madarasa ya mwanzo na ya pili haifundishwi kabisa. Makala haya yanadai kuwa ugumu wake ni mmoja. Katika nyanja zote mbili neno hubeba habari za mahali fulani zilizofupishwa, na mahali hapo huwa si kwao mjifunzaji. Mfano wetu ni Kahama, ambako watoto wengi huanza na Kisukuma, Kinyamwezi au Kisumbwa kabla ya kukutana na Kiswahili cha shule.

Mvua yenyewe haina tatizo. Kisukuma husema mbula, na undugu wake na mvua ya Kiswahili unasikika waziwazi. Matatizo huanzia kwenye majira. Mgawanyo uliomo katika kamusi na vitabu vya kiada ni wa pwani: vuli ya Oktoba hadi Desemba, kiangazi kifupi chenye joto, masika ya Machi hadi Mei, kisha kipupwe. Kahama mvua kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili au Mei. Ukavu wa Januari au Februari hutokea kama pengo ndani ya mvua zilezile, na upo mwaka ambao pengo hilo halionekani. Haishangazi basi kusikia mzungumzaji wa huko akiita masika kipindi chote cha mvua na kiangazi kipindi chote cha ukavu. Mwanafunzi anayeandika kwamba mahindi hupandwa mwanzoni mwa masika, mwezi Novemba, hupatiwa kosa. Kwa maoni yangu hajakosea, kwani ameeleza sawasawa hali ya nchi yake kwa neno alilopewa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imelikabili suala hili kwa kutumia istilahi tatu. Maeneo yenye vipindi viwili vya mvua hutabiriwa vuli na masika. Yenye kipindi kimoja hutabiriwa mvua za msimu. Shinyanga na Geita zimo katika kundi la kwanza pamoja na mikoa mingine ya ukanda wa Ziwa Victoria, ilhali Tabora imo katika kundi la pili. Mkulima wa Kahama na jirani yake wa Nzega hutazama wingu lilelile, kila mmoja akisubiri mvua yenye jina lake. Neno msimu nalo lina safari yake. Limetoka katika Kiarabu mawsim, asili ileile ya neno ambalo Wazungu walikuja kuliita pepo za Bahari ya Hindi, na pwani lilihusu majira ya pepo hizo zilizoleta na kurudisha majahazi. Leo linataja hata mvua ya bara, mbali na bahari.

Pepo hizo ndizo zilizotupatia hata dira. Kaskazini ni upande utokako upepo wa kaskazi, unaovuma takriban Desemba hadi Machi. Kusini ni upande wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka. Mtoto wa Kahama huyakariri maneno haya bila upepo wowote wa kuyaegemeza. Lugha za kwao zina sukuma kwa kaskazini na dakama kwa kusini, na maneno hayo hutaja watu pia, kwa kutegemea asimamapo msemaji: kwa mtu wa Mwanza, Kahama ni dakama, kwa mtu wa Tabora, ni sukuma. Kumfundisha mtoto kwamba dakama ni kusini ni kumpa nusu ya maana.

Tugeukie mitaani. Mwitaliano anayejifunza Kiingereza jijini London hukutana na Kikokni, msimbo unaobadilisha neno kwa kirai chenye kina sawa nalo. Kutazama huitwa kwa maneno yenye maana ya ndoano ya muuza nyama, kwa sababu kwa Kiingereza ndoano na kutazama yana kina kimoja. Baadaye ndoano hudondoshwa na kinachobaki ni muuza nyama tu. Kiungo kilichobeba kina hakipo tena, na kamusi haimsaidii mgeni.

Kiswahili kina mchezo wa kinyume, ambao Edward Steere aliueleza katika karne ya 19: silabi ya mwisho hupelekwa mwanzo, mtoto akawa tomto. Lakini kinyume kina kanuni, na mwenye kanuni hukifungua. Anayekaribiana zaidi na muuza nyama wa London ni msimbazi, yaani noti ya shilingi 10,000. Noti hiyo ni nyekundu; wekundu ni rangi ya klabu ya Simba; Simba makao yake yako mtaa wa Msimbazi, Dar es Salaam. Viungo viwili vimedondoshwa. Kijana aliyeingia Kahama kutoka kijijini hujua thamani ya noti kabla ya kujua kuwa Msimbazi ni mtaa.

Machimbo ya dhahabu nayo humgeuzia kibao msemaji wa pwani. Duara, ambalo kwake ni umbo la hisabati, kwa mchimbaji mdogo ni shimo la kushukia kwenye mwamba. Karasha ni mashine ya kusagia mawe. Makinikia lilikuwa neno la wataalamu hadi 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wa madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi. Tangu hapo likawa la kila kijiwe cha kahawa nchini. Wanaleksikografia hawasiti kuandika kwamba duara la aina hiyo ni la wachimbaji. Alama ya namna hiyohiyo, inayosema pwani, inastahili kuwekwa mbele ya masika ya Machi hadi Mei.